Tulinunua linki 3,000 tukapotea Google miezi saba. Wenye tovuti changa, piteni hapa kabla hamjatoa hela

Mleta uzi:

Heshima kwenu wakuu.

Juzi kuna ndugu ameuliza ni wapi anaweza kupata linki nyingi, yaani tovuti nyingine ziielekeze yake, kwa bei nafuu ili tovuti yake ipande Google. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika kurasa. Jambo hili limetuuma sana nyumbani, na nisingependa limkute mwingine, kwa hiyo nimeona nilete uzi kamili.

Mimi na mama tuna nyumba ya wageni Moshi. Vyumba tisa. Wageni wetu wengi ni wapanda mlima, na wengine huja kwa ajili ya Materuni, maporomoko na kahawa. Tovuti tulifungua mwaka 2016, na tangu hapo tumekosea kwenye jina, tukakosea kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), tukaja kukosea vibaya zaidi kwenye linki. Nitayaeleza kwa mfuatano huohuo.

Jina

Kijana aliyetutengenezea tovuti alisajili jina kwa imeili yake mwenyewe. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Sisi ndio hatukujua kwamba domeini na hosti ni vitu viwili tofauti, vyenye malipo mawili na mara nyingi kampuni mbili. Domeini ni jina kwenye kibao cha duka. Hosti ni fremu uliyopanga. Ukihama fremu unang'oa kibao chako unaondoka nacho, mradi kibao kiwe chako kweli.

Julai 2018, msimu umechanganya, tovuti ikazima. Muda wa jina ulikuwa umeisha na kumbusho zote zilikwenda kwenye imeili ya yule kijana, ambayo alishaacha kuitumia. Kwa majina kama .com utaratibu uko hivi: tarehe ikipita, wakala aliyekusajilia anaweza kukushikilia jina kwa muda, mwisho wake siku 45, ila wengi hutoa pungufu ya hapo. Kisha zinakuja siku 30 za kukomboa, na hapo unalipa ada ya ukombozi juu ya bei ya mwaka. Baada ya hapo siku 5 jina limefungwa, halafu liko huru kwa yeyote. Sisi tulidaka ndani ya zile siku 30. Tulilipa mara kadhaa ya bei ya kawaida, na mama aliuza mbuzi wawili kufidia.

Kwa hiyo leo ingia mwenyewe kwenye akaunti ya wakala wako uone jina la nani limeandikwa. Na kitu ambacho hata mafundi husahau kukisema: imeili ya usajili isiwe ile inayotumia domeini hiyohiyo. Jina likikatika, imeili nayo inakatika, na ujumbe wa kukuokoa hautakufikia.

Seva

Tulivutwa na neno "bila kikomo". Kifurushi cha bei ya chini, nafasi bila kikomo, trafiki bila kikomo. Wakuu, seva ile mnaishi wengi, kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme. Kikomo kipo, kimeandikwa chini kwenye masharti: idadi ya mafaili, na muda wa kutumia prosesa. Sisi tulipandisha picha za wageni bila kuzipunguza, na WordPress, programu tuliyotengenezea tovuti, hutengeneza nakala kadhaa za ukubwa tofauti kwa kila picha unayoweka. Picha elfu tatu zikawa mafaili zaidi ya elfu ishirini. Kampuni ikatuandikia mara mbili, hatukuelewa walichosema, mara ya tatu wakafunga akaunti.

Siku hizi kila picha naipunguza kabla ya kuipandisha. Haizidi upana wa pikseli 1,600, na uzito wake naushusha chini ya kilobaiti 200. Kazi ya dakika tano.

Cheti cha usalama, kile cha kufuli kwenye kivinjari, usikubali kuuziwa ukiwa mwanzoni. Let's Encrypt wanatoa bure na kampuni nyingi za hosti wanakuwekea wenyewe, kinajihuisha kabla ya siku 90. Tangu Julai 2018 Chrome inaandika "si salama" kwa tovuti isiyo nacho, na mgeni anayetaka kulipia chumba akiona maneno hayo anaondoka.

Kuhusu bakapu niseme kwa uzito. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua. Jengo moja liliteketea lote. Mamilioni ya tovuti zilizima, na kuna wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale penye moto. Ile ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za hosti Ulaya. Mimi kila Jumapili jioni nashusha nakala kwenye laptop, na mwisho wa mwezi naiweka nyingine kwenye diski inayokaa kwa shangazi Himo.

Linki

Hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Kwanza ujue kwa nini linki zina thamani, maana anayekuuzia hatakwambia. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi Stanford, waliandika wazo hili: ukurasa mmoja ukiuelekeza mwingine, umeutolea ushahidi. Ushahidi wa ukurasa ambao nao unatajwa na wengi una uzito zaidi. Na ukurasa hugawa uzito wake kwa linki zote ulizobeba. Kwa hiyo linki moja kwenye makala yenye linki tano ni kitu, lakini linki moja kwenye ukurasa uliorundikwa linki mia nne ni tone baharini. Google wameongeza mambo mengi tangu hapo, ila mzizi ni huo. Ni kama mtu anapoulizwa mjini, "fulani unamfahamu?", na mzee wa mtaa anajibu "namfahamu". Jibu la mzee lina nguvu kwa sababu hasemi hivyo kwa kila mtu.

Ushahidi ukiwa na thamani, watatokea mashahidi wa kununuliwa. Biashara ya linki ilikua mpaka kampuni kubwa zikaingia. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua linki nyingi za kupachikwa zilizoelekezwa kwenye tovuti ya JCPenney, maduka makubwa ya Marekani, na Google wakaishusha. Tarehe 24 Aprili 2012 Google wakaachia badiliko waliloliita Penguin, ambalo shabaha yake ilikuwa linki za namna hiyo. Februari 2013 Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilipotea hata ukitafuta jina lake lenyewe, baada ya makala za kulipiwa zenye linki zake kuchapwa kwenye tovuti za magazeti mengi ya mikoani. Waliadhibiwa wakubwa hao wenye wanasheria na mafundi. Mimi wa vyumba tisa, mwaka 2019, sikuwa nimesikia hata moja kati ya hayo.

Januari 2019 nilinunua kifurushi: linki 3,000 kwa dola 40. Muuzaji alituma jedwali zuri lenye rangi. Wiki sita za kwanza tulipanda kidogo, nikamshukuru. Katikati ya Machi nikafungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, nikakuta ujumbe: linki zisizo za asili, hatua imechukuliwa na mkaguzi wa Google. Yaani mtu ameketi akaikagua tovuti yetu. Nikatafuta jina la nyumba yetu, ukurasa wa kwanza hatupo. Wa pili hatupo. Wa tatu nikafunga simu.

Niliposhusha orodha ya linki nikaona nilichonunua: kurasa za kamari, maoni chini ya blogu za Kirusi zilizotelekezwa, tovuti za dawa. Zote zimebeba maneno yaleyale, "hoteli nafuu Kilimanjaro" kwa Kiingereza, mara elfu na zaidi. Hakuna binadamu elfu wanaoandika sentensi moja kwa mpangilio mmoja. Hata mimi nisiyejua kitu niliona.

Kusafisha kulikuwa hivi. Niliandika imeili kwa wenye tovuti wapatao mia mbili nikiomba watoe linki. Waliojibu hawakufika ishirini, na wanne kati yao walidai hela ya kuondoa. Zilizobaki niliziweka kwenye faili la kukana linki, yaani kuwaambia Google wasizihesabu, zana ambayo Google waliitoa Oktoba 2012. Kisha nikaandika ombi la kufikiriwa upya. La kwanza lilikataliwa, kwa sababu niliandika kama mtu aliyeonewa. La pili nilieleza wazi: nilinunua, kwa kiasi fulani, tarehe fulani, hizi nimeondoa, hizi nimekana, huu ndio ushahidi wa imeili. Wakakubali. Kuanzia ujumbe ule mpaka kuonekana tena ni miezi saba, na ndani yake ulipita msimu wote wa Julai hadi Septemba.

Angalizo kwa wanaokimbilia zana ile ya kukana linki: kama hujanunua kitu na hujapata ujumbe wowote, usiiguse. Kila tovuti hupata linki za takataka bila kuomba, na Google wenyewe huzipuuza. Unaweza kukana linki nzuri ukajiumiza.

Linki zilizotuinua

Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20. Mjini hapa ilikuwa sherehe, watu walikwenda stesheni kuipokea na watoto. Mimi nilikwenda Dar nikarudi nayo. Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza na mmoja kwa Kiswahili: tiketi nilinunua wapi na kwa shilingi ngapi, tuliondoka saa ngapi, daraja la pili likoje, choo kikoje, Korogwe unaweza kununua nini dirishani, na ukiamka utazame upande gani ili uuone mlima. Picha zangu mwenyewe, kumi na moja.

Sikumwomba mtu linki hata moja. Ndani ya wiki chache mwandishi wa safari wa Ujerumani akauelekeza ukurasa ule, kisha wapenda treni wa Uingereza, kisha tovuti mbili za kutoa mwongozo wa Afrika Mashariki. Sababu ni nyepesi: walikuwa wanataka kujua, na aliyekuwa ameandika kwa kuona ni mimi. Korona ilipokuja Machi 2020 wageni walikatika kabisa, lakini ukurasa uliendelea kukusanya linki vyumba vikiwa vitupu. Mipaka ilipofunguka, wengi waliotuandikia walianza na "tulisoma habari ya treni".

Zilizofuata ni linki za watu tunaofanya nao kazi kweli. Kikundi cha wakulima wa kahawa kule Materuni wana ukurasa wao, wametutaja kama mahali wageni wao hulala, nasi tumewataja. Kampuni ya waongoza mlima hivyohivyo. Hizi hazizidi kumi na mbili mpaka leo, na zinafanya kazi ambayo zile elfu tatu hazikuweza.

Kuhusu kwenda kubandika linki kwenye maoni ya blogu za watu: acha. Tangu Januari 2005 Google, Yahoo na MSN walikubaliana alama iitwayo nofollow, ya kusema linki hii isihesabiwe kama ushahidi, na programu nyingi za blogu huibandika zenyewe kwenye maoni. Septemba 2019 Google wakaongeza nyingine mbili, sponsored kwa linki za kulipiwa na ugc kwa zinazowekwa na watumiaji. Ukilipia tangazo lenye linki si dhambi, ila liwekwe alama ya sponsored. Atakayekuuzia linki akasema "hii haina alama" anakuuzia kesi.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu usiku, mchana niko na wageni.

Mchangiaji wa Mbeya:

Ubarikiwe mkuu. Mimi nilikuwa na jina la bure la .ml, tovuti ya mahubiri ya kanisa letu. Siku moja haikufunguka tena na mpaka leo sijui nilikosea nini. Ni hosti au ni nini?

Fundi wa Nairobi:

Kaka, hujakosea kitu. Mimi kazi yangu ni kuangalia seva, hilo nililiona kwa wateja wengi. Majina ya bure ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq yalikuwa yanatolewa na kampuni moja, Freenom. Hayo ni majina ya nchi: Tokelau, Mali, Gabon, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Guinea ya Ikweta. Walaghai waliyatumia sana, Meta, wenye Facebook, wakawapeleka Freenom mahakamani, na Januari 2023 usajili mpya ukasimama. Katikati ya 2023 Gabon walichukua jina lao wakafuta domeini takriban milioni saba kwa mpigo. Mali nao wakachukua lao mwaka huohuo. Februari 2024 Freenom wakatangaza kutoka kabisa kwa biashara ya majina.

Ukisoma masharti yao ya zamani, jina la bure halikuwa lako hata siku moja. Ulikuwa umeazimwa. Tafuta .or.tz au .com, ulipie kwa jina la kanisa.

Sasa dadangu wa Moshi, hapo kwa seva kuna kitu umeruka, naomba nikiongeze. Watu huniuliza seva iwe nchi gani. Jibu ni: wateja wako wako wapi? Mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar mpaka London kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, kwa hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata kama waya ungenyooka, na haunyooki, unazunguka baharini. Kivinjari huenda na kurudi mara kadhaa kabla ukurasa haujaonekana. Wageni wa dada wako Ulaya, kwa hivyo seva ya Ulaya inamfaa. Lakini ukiuza chakula cha kuku Mwanza, seva ya Ulaya inampeleka mteja wako safari isiyo na haja. Seva ya Dar iliyounganishwa na TIX, kituo ambapo mitandao ya Tanzania hubadilishana data, ama ya hapa Nairobi kupitia KIXP, kituo kama hicho cha Kenya, kwa wateja wa Kenya, hiyo trafiki haitoki nje ya nchi.

Na siyo kasi peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya walioumia sana. Tovuti zilizokuwa zimehostiwa ndani zilikuwa na nafuu kubwa kwa wateja wa ndani.

Mleta uzi:

Asante sana kaka. Siku ile ya Mei nilikuwa na wageni watano wanaotaka kulipa kwa kadi na hakuna kilichopita mpaka usiku. Nimejifunza kitu.

Mchangiaji wa Dar:

Mimi naona linki ni mambo ya zamani. Siku hizi ni Instagram na TikTok, wateja wapo huko.

Mleta uzi:

Wapo, nasi tuko huko pia. Tofauti niliyoiona ni hii: video yetu ikipendwa, simu zinalia siku tatu kisha kimya. Ukurasa wa treni una miaka mingi sasa na bado unaleta mtu ambaye tayari ameshakata tiketi ya ndege anatafuta pa kulala. Vyote viwili fanya. Ila akaunti ya Instagram ikifungwa huna pa kwenda kuidai.

Mchangiaji wa Zanzibar:

Shikamooni wakubwa. Mie natengeneza sabuni za mwani, niko Paje. Kuna mtu kanipigia, ataka laki tatu, aahidi nitakuwa namba moja Google ndani ya mwezi. Hela ninayo ila roho inasita. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Marahaba mdogo wangu. Roho yako inasita vizuri. Hakuna anayeweza kuahidi namba moja, si wa ndani wala wa nje, kwa sababu nafasi ile hakuna anayeimiliki isipokuwa Google. Mwambie akuonyeshe tovuti tatu ambazo linki zako zitawekwa, kabla hujalipa. Akisema ni siri ya kazi, muage kwa heshima.

Sasa nikuambie ningefanya nini ningekuwa wewe. Mwani wa biashara ulianza huko kwenu Paje na Jambiani mwaka 1989. Wewe umekulia pwani hiyo. Andika ukurasa mmoja wa kilimo chenyewe: kwa nini akina mama hushuka wakati wa bamvua na si maji mafu, kamba hufungwaje, mwani hukaa majini wiki ngapi, kwa nini ule mnene wa cottonii umekuwa ukifa maji yakipata joto wakabaki na aina ya spinosum. Weka picha za mama zako wakikubali. Walimu, waandishi na watafiti wanatafuta maelezo hayo kila siku, na mengi yaliyopo yameandikwa na watu waliokaa Paje siku mbili. Watakuelekezea linki wenyewe, na sabuni zako ziko ukurasa wa pili.

Ile laki tatu lipia jina na hosti, zitakazobaki nunua mzani mzuri.

Mchangiaji wa Zanzibar:

Ahsante dada. Hayo ya bamvua bibi yangu ndiye mjuzi, ntakaa naye nimwandike.

Mchangiaji wa Dodoma:

Dada, nimesoma uzi nikaenda kuangalia tovuti ya shule yetu. Jina la .sc.tz limesajiliwa kwa imeili ya mwalimu wa kompyuta aliyeacha kazi 2021. Nenosiri hakuna anayelijua. Muda unaisha tarehe 19 mwezi ujao.

Mleta uzi:

Una muda, usiogope. Mtafute mwalimu kwanza, wengi husaidia ukiwaomba vizuri, na ukimpata mwambie abadilishe imeili ya usajili iwe ya ofisi ya mkuu wa shule, si ya mtu binafsi. Asipopatikana, mwandikieni wakala aliyesajili jina: barua yenye muhuri wa shule, nakala ya cheti cha usajili wa shule, na jina la mtu atakayesimamia kuanzia sasa. Wakati huohuo muulizeni kama mnaweza kulipia mwaka ujao hata kabla umiliki haujabadilishwa. Na shusheni nakala ya tovuti nzima leo kama kuna mtu bado ana njia ya kuingia.

Mchangiaji wa Dodoma:

Namba yake ninayo. Ila ni saa tatu usiku sasa.

Mleta uzi:

Mpigie tu. Walimu saa hizi bado wanasahihisha.